Mwanaidi na Habari za Mguu

Mwanaidi binti Likunguti alikuwa akisema ana mguu mmoja wake na mmoja wa matende. Alisema hivyo mapema, akicheka, kabla mtu hajapata nafasi ya kumhurumia. Wa kulia ulikuwa mguu kama miguu mingine, mkavu, kisigino kimepasuka kwa chumvi. Wa kushoto ulianza kuvimba mwaka ule mtoto wake wa pili alipoacha ziwa. Ulivimba ukapungua, ukavimba ukapungua, halafu siku moja ukagoma kupungua. Miaka ikapita. Kifundo kikamezwa, ngozi ikawa nene na ngumu, vidole vikabaki vinachungulia kwa chini kama vya mtoto aliyevaa suruali ya babake.

Kazi yake ilikuwa chumvi. Kijiji chao kipo karibu na mdomo wa Ruvuma, pale mikoko inapoishia na mashamba ya chumvi yanapoanza. Kiangazi kikishika, maji ya bahari yaliyofungiwa kwenye majaruba yanakauka, na wanawake wanaingia na reki kukwangua. Mwanaidi naye alikwangua miaka mingi, mpaka maji yale makali yalipoanza kupenya kwenye nyufa za ngozi na kumuunguza hadi machozi. Hapo akahamia ukingoni, kushona viroba. Alikaa na sindano yake ya gunia, mguu ameunyoosha mbele, akawa anajua habari za kila mtu, maana kila aliyejaza kiroba lazima apite kwake.

Kitu kimoja tu kilimtisha, nacho si kufa. Mama yake, Bi Esha, alikuwa na matende miguu yote miwili. Miaka yake ya mwisho alikaa mkekani karibu na mlango, akawa anabebwa kwenda chooni na watoto wake wa kuwazaa. Mwanaidi alikuwa mmoja wa waliombeba. Aliujua uzito ule, na alimwona mama yake anavyogeuza uso pembeni kila wanapomwinua. Akaapa kwamba yeye hatabebwa.

Watafiti walipofika kijijini, hakuna aliyeshtuka. Huku Mtwara utafiti si kitu kigeni. Kule Naliendele wapo wataalamu wa mikorosho tangu wazee wa leo wakiwa vijana. Mikorosho inapakwa rangi shinani, inapimwa, inaandikwa. Kilichowachekesha watu ni kwamba safari hii wanaopimwa ni wao wenyewe. Tena wa kila namna. Wapo waliokuja kwa ajili ya watoto wenye selimundu, wapo waliotaka presha za wazee, wapo wa malaria ya wajawazito. Hawa wa sasa walitaka matende.

"Zamu yetu hiyo," alisema Kasiani. "Wakimaliza kutupima watatupaka rangi kiunoni."

Kasiani alikuwa Mmakua, Mkristo, mwenye baiskeli ya kubebea viroba na mdomo usiofungwa. Mwanaidi ni Mmakonde. Basi walikuwa watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote bila mtu kumnunia. Siku ya msiba wa Bi Esha, Kasiani alijilaza mlangoni akasema jeneza halipiti mpaka apewe kuku, na waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka huku machozi yanatiririka. Akapewa kuku. Akaondoka naye kwapani, naye analia.

Daktari Innocent, mkuu wa watafiti, aliwakusanya wagonjwa kwenye baraza ya zahanati akawaeleza. Matende yanaletwa na minyoo midogo sana inayoingizwa mwilini na mbu. Minyoo hata ikifa, mguu unabaki umeharibika, na kila vidudu vya uchafu vinapoingia kwenye nyufa za ngozi, inakuja homa ile wanayoijua wote: mtoki unatuna kwenye nyonga, mguu unawaka moto, na homa ikiondoka inauacha mguu mkubwa kuliko ulivyoukuta. Kuna kidonge cha zamani, kinatumika kwa magonjwa mengine. Wanataka kujua kama kinaweza kuzuia mguu usiendelee kuharibika. Nusu yao watapewa chenyewe. Nusu watapewa kinachofanana nacho lakini hakina kitu ndani. Nani kapata kipi, hata nesi hajui; itajulikana mwisho.

"Sasa huyo wa kitupu," Mwanaidi aliuliza, "amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, mama. Kufundishwa kuosha mguu anafundishwa, na dawa ya homa anapata sawa na mwenzake. Ila bila yeye hatuwezi kujua kama kile kingine kinafanya kazi."

"Kwa hiyo ukimwona ntu anameza kitupu, usimcheke."

"Usimcheke kabisa."

Nesi wao aliitwa Beatrice, binti wa Kagera, mwembamba, mwendo wa haraka. Siku ya kwanza alileta beseni, akachuchumaa mbele ya Mwanaidi, akaanza kuuosha ule mguu kwa mikono yake. Sabuni ya kawaida, maji safi, kila mkunjo wa ngozi, halafu kitambaa kikavu kupitishwa baina ya vidole, polepole, mpaka pasibaki unyevu. Mwanaidi aliangalia pembeni. Tangu mume wake afariki hakuna mtu aliyeugusa mguu ule. Alijikuta anasema vitu visivyo na maana, mara bei ya mchele, mara kuku wa jirani, ilimradi sauti yake isitetemeke.

Aliosha kila siku kama alivyofundishwa. Alimeza vidonge vyake. Akilala aliweka mguu juu ya mto. Baada ya muda ngozi ikaanza kulainika na ile harufu aliyokuwa anaificha kwa udi ikapotea.

Homa, hata hivyo, ilirudi. Na hapo ndipo adabu ilipomponza.

Mwanaidi alilelewa kwamba mtu akikuuliza habari, habari ni nzuri. Nzuri kwanza, hata kama nyumba inaungua; mengine yana wakati wake. Mgeni anakaa, anapewa maji, mnazungumza mvua na korosho, anauliza tena, unajibu salama. Anapoinuka kutaka kuondoka, ameshaaga, ndipo unasema: "Ila mguu tu, mwenzangu, juzi haukunipa usingizi." Na yeye anakaa tena chini. Ndivyo watu walivyoishi, na hakuna mgonjwa aliyepotelea humo, kwa sababu kila mtu alijua kusubiri.

Simu haijui kusubiri. Beatrice alikuwa na vijiji vingi vya kupigia. Kila wiki kitochi cha Mwanaidi kiliita.

"Haloo, shikamoo Bi Mwanaidi."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Mguu unaendeleaje?"

"Mzuri, tunashukuru."

"Homa wiki hii?"

"Hatujambo kabisa."

"Haya mama, ubarikiwe. Wiki ijayo."

Siku hiyo alikuwa amejifunika kanga mbili na blanketi, meno yanagongana, mguu umeiva kama chungu kilichotoka motoni. Ile "ila" ilikuwa imeshafika kooni. Simu ikakatwa. Akaitazama, akaiweka chini ya mto, akasema moyoni kwamba mtoto wa watu ana kazi nyingi, atamwambia akija.

Alipokuja, homa ilikuwa imeshaondoka na Mwanaidi yuko kwenye viroba. Kusema ugonjwa uliokwisha kupita, mbele ya wenzake, ingekuwa kama kudai pole. Akanyamaza.

Mara ya pili ilimkuta kazini, jua limesimama utosini. Alianza kwa kutetemeka, akidhani ni upepo, mpaka sindano ikamwanguka. Kasiani aliweka viroba viwili juu ya baiskeli, akamkalisha Mwanaidi juu yavyo kama bibi harusi, akamsukuma hadi nyumbani, akimtukana njia nzima ili asije akazimia. Mwanaidi alilia. Alilia zaidi kwa sababu alikuwa amebebwa. Wiki ile simu ilipoita, akajibu nzuri.

Korosho zilipoanza kuanguka, Daktari Innocent aliitisha mkutano. Wagonjwa walijaa barazani, na watu wengine walisimama pembeni kusikiliza, Kasiani akiwa ameegemea baiskeli yake.

"Tuna habari njema," daktari alisema. "Wapo wenzetu ambao tangu tuanze hawajapata homa hata mara moja. Hawa wamefanya vizuri sana. Sasa tutawapumzisha. Hawatafuatiliwa tena kila wiki wala kupewa vidonge, na nafasi zao tutawapa wagonjwa wapya wa upande wa Mahurunga, ambao wanasubiri."

Akaanza kusoma majina. La tatu lilikuwa Mwanaidi Likunguti.

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwanaidi akasimama, maana ukipigiwa makofi unasimama, na akatabasamu. Nesi hatakuja tena. Homa itakuja. Mguu utaongezeka, na wa pili nao utafuata, kama wa mama. Alitaka kusema. Lakini angesemaje, mbele ya kijiji kizima, kwamba wiki zote zile alikuwa anamjibu nesi uongo? Akashukuru. Akasema, "Ahsanteni sana, Mungu awazidishie."

"Huyo ndiyo mzima?"

Sauti ilitoka pembeni. Watu wote waligeuka.

"Kama huyo ni mzima," Kasiani alisema, "basi mimi leo ni bwana harusi, na nyie mmechelewa kuleta pilau! Juzi juzi nimemsukuma kwenye baiskeli hii, analia kama mbuzi wa Idi. Mguu unawaka, ningeweza kuchoma mahindi!"

Kicheko kikalipuka. Daktari akainua mkono. "Mzee, tunaomba utulivu."

"Mimi hapa si mzee, mimi ni mtani. Daktari, utadanganywa mpaka ustaafu. Hawa Wamakonde wakishika uongo wanauchonga mpaka unapendeza kama kinyago. Mimi nilikuwa kibarua Naliendele. Mkorosho hauna adabu. Ukiumwa unapukuta maua na kila mtu anaona. Huyu ukimkuta kaburini, ukamuuliza habari, atakwambia nzuri."

"Mmakua wewe, funga bakuli lako!" Mwanaidi alimrudishia, na watu wakazidi kucheka. Mtani akikurushia, unarudisha. Lakini alipomaliza kusema, hakukaa. Alibaki amesimama. Kicheko kikapungua, kikaisha, na bado amesimama.

Beatrice hakucheka. Aliinuka, akamshika Mwanaidi mkono, wakaingia chumba cha sindano. Akamkalisha kwenye benchi, akakaa naye. Akafungua mdomo kuuliza, halafu akaufunga. Nje watu walikuwa wananong'ona. Beatrice akatulia, mikono mapajani, kama mtu asiye na safari.

"Ila mguu," Mwanaidi alisema mwisho. "Mguu ulinisumbua, mwanangu. Mara mbili."

Akaeleza yote: homa ya kwanza, simu, blanketi, baiskeli. Beatrice aliinamisha kichwa.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza habari. Ntu akiulizwa habari anajibu nini?"

"Na mimi nikakata simu."

"Una watu wengi."

Beatrice alijifuta uso kwa kiganja. "Mama yangu mzazi ndivyo alivyo. Nilisafiri mpaka Bukoba ndiyo nikajua amevunjika mkono. Kwenye simu alikuwa mzima wa afya. Na bado sikuwaza kwamba na huku..."

"Sasa mtanifukuza?"

"Sijui, mama. Lazima nimwambie daktari. Wewe unataka nini?"

Mwanaidi alifikiri. "Nataka nibaki. Nimembeba mama yangu mimi. Sitaki kubebwa."

Wakatoka pamoja. Mwanaidi akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo lakini wote walisikia, kwamba mtani hakuongopa. Mwanamke wa jina la kwanza kwenye ile orodha akatazama miguu yake. "Na mimi pia," akasema. Akafuata mzee mmoja wa busha, aliyekaa nyuma. Daktari Innocent alikaa kwenye kiti, akashika paji la uso. "Kazi ya miezi," alisema polepole, wala hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililowaumiza. Mkutano ukavunjika bila jina la nne kusomwa.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Simu haikuita. Pale chumvini wenzake wengine walimpita na viroba bila kusimama. "Umetuponza," mmoja alimwambia. "Ungenyamaza, kila mtu angebaki na yake. Sasa wataondoka wote." Mwanaidi alishona, mishono mikubwa isiyonyooka. Kila gari lililosikika kwenye barabara ya Mtwara alilitegea sikio mpaka lipite. Kuosha mguu hakuacha. Jioni alijaza beseni, akaosha, akakausha baina ya vidole, hata kama ile ilikuwa kazi ya watu waliokwisha kumsahau.

Gari likaja, siku ambayo hakulisikia kwa sababu Kasiani alikuwa anapiga kelele. Beatrice akashuka, akatembea juu ya ukingo wa jaruba kwa viatu vyake vya kazini, akakaa juu ya kiroba. Hakuuliza kitu. Alipewa maji akanywa. Wakazungumza korosho, jinsi zilivyoshuka na bei zilivyo. Wenzake Mwanaidi waliacha reki, wakasogea.

"Hatuondoki," Beatrice alisema. "Tumekaa tukajadili, tukaomba ruhusa kwa wakubwa wetu. Hakuna anayepumzishwa sasa. Tuliyoandika kuhusu homa hatutayategemea. Tunaanza kuyahesabu upya kuanzia leo. Na namna ya kuuliza tumeibadilisha. Nikipiga simu sitauliza habari za mguu. Nitauliza jana ulifanya nini. Ulikwenda chumvini? Ulipika? Kama ulilala, ulilala kwa nini? Halafu nitakaa kwenye simu, hata usiposema neno."

"Salio litakwisha," mmoja akasema.

"Salio ni la kwangu. Kuna jambo moja zaidi, na hili ni kwa hiari. Kila mgonjwa, akitaka, atachagua mtu mmoja ambaye naruhusiwa kumpigia nikamuuliza hali yake. Awe mtu asiyekuonea haya."

Wanawake wakaanza kucheka mmoja mmoja, wakimtazama Kasiani.

"Msiniangalie mimi!" Kasiani alisema. "Mimi nina kazi."

"Mwandike huyo," Mwanaidi alimwambia Beatrice. "Huyo hana haya hata ya kuazima."

"Mnaona? Wananihitaji, bado wananitukana. Nesi, mimi nataka kuku."

Kabla Beatrice hajaondoka, karibu wagonjwa wote walikuwa wamechagua, na wengi walichagua watani wao. Beatrice alicheka njia nzima hadi garini. Alimpigia daktari hapo hapo kumsimulia, na waliokuwa karibu waliisikia sauti ya daktari kwenye simu naye akicheka.

Homa ya tatu ilimjia Mwanaidi kabla ya mvua kuanza, asubuhi, chumvi ikiwa bado haijapata joto. Aliijua tangu ilipogusa mgongo. Baridi moja, ndogo, kama mtu amekupulizia shingoni. Akaweka sindano chini. Wenzake walikuwa mbali wanakwangua, na kiroba kilikuwa hakijafungwa. Zamani angemaliza kwanza kukishona.

Akatoa kitochi kwenye pindo la kanga, akapiga. Mara ya kwanza haikupokelewa. Akapiga tena.

"Haloo, shikamoo Bi Mwa..."

"Naumwa," Mwanaidi alisema. "Imeanza sasa hivi, niko chumvini. Mguu unapata moto na mtoki unauma."

Upande wa pili ikasikika sauti ya kiti kinachosukumwa. "Usitembee. Uweke juu. Nakuja na dawa."

"Haya." Akavuta pumzi. "Marahaba, mwanangu."

Alipata dawa kabla mchana haujaingia. Ile homa ambayo kwa kawaida ilimlaza kwa muda mrefu na kumwachia mguu mzito zaidi, safari hii ilimshika kidogo tu, ikamwachia. Beatrice alipokuja kupima, alizungusha utepe wake juu ya kifundo, akaangalia, akazungusha tena.

"Umepungua?" Mwanaidi aliuliza.

"Umepungua, mama. Si sana. Lakini homa imekuja na mguu haukuongezeka, umepungua."

"Ni kidonge au ni sabuni?"

"Sijui. Inawezekana ni sabuni, na ile dawa ya homa uliyoiwahi. Inawezekana na kidonge kimo. Tukimaliza wote, kwa wagonjwa wote, ndiyo tutajua. Ungependa kiwe kipi, chako?"

Mwanaidi aliuangalia mguu wake, maji ya kuoshea bado yanang'aa kwenye ngozi. Pale juu ya unyayo mfupa wa kifundo ulianza kujitokeza, kidogo, kwa upande mmoja.

"Chochote," alisema. "Ila nikimeza kitupu na mwingine akimeza chenyewe, mwisho mje mniambie. Na kama kinafaa, basi wapeni wote, hata huyo wa kitupu. Hata watoto wa watoto wetu."

"Ndiyo mpango."

"Basi nipe hicho kitambaa," Mwanaidi akasema, akainama, akaanza mwenyewe kukausha baina ya vidole, kimoja baada ya kingine, bila haraka.